Nyaya za Spika Ndani ya Kuta na Dari za Kanisa: Mwongozo kwa Kamati za Ujenzi za Parokia na Vigango

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu iliyotangazwa tarehe 4 Desemba 1963, uliliwekea Kanisa lengo lililo wazi: waamini washiriki maadhimisho matakatifu kikamilifu, kwa ufahamu na kwa utendaji. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kiroma yanalishusha lengo hilo hadi kwenye jengo lenyewe. Namba 311 inataka waamini, pamoja na kuwaona Padre, Shemasi na wasomaji, wawezeshwe pia kuwasikia bila taabu kwa msaada wa ufundi wa nyakati zetu. Namba 306, inapozungumzia Altare, inaelekeza kwamba vyombo vya kukuza sauti ya Padre vipangwe kwa staha. Sauti isikike, na vyombo visitawale macho: maelekezo haya mawili yakichukuliwa pamoja yanatuleta moja kwa moja kwenye waya wa spika unaopita ndani ya ukuta na juu ya dari.

Huenda msomaji akashangaa kuikuta mada hii mahali alipozoea kusoma katekesi na habari za Jimbo. Tunaiandika kwa sababu makanisa mapya yanaendelea kujengwa katika parokia na vigango vyetu, na uamuzi kuhusu waya hufanyika ndani ya majuma machache tu, kati ya kuezeka na kupiga lipu. Lipu ikikauka, kosa hufungiwa humo pamoja na waya. Anayeketi benchi la mbele husikia hata umeme ukikatika. Anayeumia ni bibi wa benchi la mwisho, mama aliyetoka kibarazani na mtoto anayelia, na mzee ambaye masikio yake yamechoka. Hao huja Dominika baada ya Dominika, husimama na kuketi pamoja na wenzao, kisha hurudi nyumbani bila kulisikia Neno walilolifuata. Mtume Paulo anawafundisha Warumi kwamba imani huzaliwa na kusikia (rej. Rum 10:17), na Kitabu cha Nehemia, sura ya 8, kinaonesha kwamba Wayahudi waliorudi kutoka uhamishoni walimjengea Ezra jukwaa la mbao kwa ajili ya kazi hiyo moja, ili umati wote umsikie akisoma Torati. Jukwaa lile lilikuwa kazi ya seremala, nalo likaingia katika Maandiko Matakatifu.

Ili tusichanganye maneno, katika makala hii tunaita maikrofoni kile chombo kinachopokea sauti ya msemaji, spika kile kinachoitoa kwa wasikilizaji, na amplifaya ile mashine iliyo katikati inayoikuza. Neno "kipaza sauti" hutumiwa na wengi kwa vyote vitatu, na tumeona hati za manunuzi zikileta ugomvi kwa sababu hiyo tu.

Mahali fedha zinapopotea

Harambee ya vyombo vya sauti huenda vizuri kwa sababu spika inaonekana. Mfadhili anaweza kuioneshea kidole. Waya hauonekani, wala hakuna anayepigiwa makofi kwa kutoa bomba la plastiki. Matokeo yake ni parokia kununua spika za bei kubwa na kuzilisha kwa waya mwembamba unaouzwa kwa ajili ya redio za nyumbani. Sisi tunashauri kinyume chake. Kama fedha hazitoshi, nunueni kwanza mabomba na waya mzuri, mzifungie ukutani kabla ya lipu, halafu mwanze na spika chache za kawaida. Spika hubadilishwa kwa saa moja na ngazi. Waya uliozikwa kwenye saruji hubadilishwa kwa tindo, vumbi na gharama ya kupaka rangi upya.

Kabla ya lipu

Waya wa spika usizikwe mtupu kwenye saruji. Upitishwe ndani ya bomba la plastiki la wayaringi, la kipenyo cha milimita 20 kwa njia ya waya mmoja, na la milimita 25 pale nyaya kadhaa zinapotoka pamoja sakristia. Bomba lisijazwe kupita takriban asilimia 40 ya nafasi yake, la sivyo waya utakwama au ganda lake litachunika wakati wa kuvutwa. Kati ya boksi moja na jingine kusiwe na kona zaidi ya mbili za nyuzi 90, na kona hizo zipindwe polepole kwa upana, kwa kuwa bomba lililovunjwa kwa goti huwa na mdomo mkali ndani. Katika kila bomba iachwe kamba au waya wa chuma wa kuvutia. Atakayekuja miaka 15 baadaye kubadilisha waya atawaombea.

Njia za mabomba ziende wima au mlalo, kamwe zisikate ukuta mshazari. Sababu yake si uzuri: fundi yeyote atakayepigilia msumari wa picha ya Njia ya Msalaba huko mbeleni hukisia kwamba waya unapanda wima kutoka kwenye boksi, wala hawezi kukisia ulalo uliofichwa. Kuhusu kina, kanuni ya ujenzi inayotumika sana ni kwamba mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na ule wa mlalo usizidi moja ya sita. Kwa ukuta wa tofali za inchi 6, yaani milimita 150 hivi, hiyo ni milimita 50 kwa wima na 25 kwa mlalo. Tofali zikiwa na matundu ndani, kipimo hicho chenyewe ni kikubwa mno, na ni heri bomba lipandishwe hadi darini na kushushwa wima mahali pa kila spika. Nguzo za zege na mkanda wa lenta zisichongwe kabisa. Tumekwisha kuona fundi akikata nondo ili bomba lipite, huku kamati ikimsifu kwa bidii. Jengo linalobeba paa juu ya watu mamia halistahili sifa ya namna hiyo.

Kila kundi la spika lipate waya wake wenyewe unaorudi hadi sakristia. Kundi la mbele liwe peke yake, la nyuma peke yake, la kibarazani peke yake, na la kwaya, kama lipo, peke yake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mtu aliyeketi chini ya spika ya nyuma, mita 17 kutoka ile ya mbele, huisikia ya kwake kwanza, na ya mbele humfikia ikiwa imechelewa kwa sehemu ya ishirini ya sekunde. Kuanzia hapo sikio huanza kusikia maneno mawili yanayokimbizana, hasa ndani ya kuta ngumu na chini ya paa la juu. Vipo vyombo vinavyochelewesha sauti ya spika za nyuma ili zilingane na zile za mbele, lakini haviwezi kusaidia kitu iwapo spika zote zimefungwa kwenye waya mmoja. Kadhalika Misa ya siku za juma yenye watu 20 haihitaji spika za kibarazani zihubirie soko.

Unene wa waya na hesabu zake

Hapa tunaomba uvumilivu wa msomaji, kwa maana ndipo penye kiini cha jambo. Kila waya una ukinzani, nao hula sehemu ya nguvu inayokwenda kwenye spika na kuigeuza joto. Ukinzani hupimwa kwa omu. Chukua spika ya omu 8 iliyo mita 30 kutoka kwenye amplifaya. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo kuna mita 60 za shaba. Waya wa shaba wa milimita 0.75 za mraba utakuwa na ukinzani wa omu 1.4 hivi, na utakula karibu asilimia 15 ya nguvu. Wa milimita 1.5 za mraba utakula kama asilimia 8, na wa milimita 2.5 za mraba kama asilimia 5. Ukifunga spika mbili za namna hiyo sambamba mwishoni mwa ule waya mwembamba, hasara hupanda hadi robo ya nguvu yote. Parokia imenunua amplifaya kubwa ili kuupasha moto ukuta.

Kuna hasara kubwa kuliko hiyo. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba huonekana na amplifaya kama omu 4. Nne huonekana kama omu 2. Amplifaya nyingi hazikuundwa kubeba omu 2. Zitaanza kupata joto, zitazima zenyewe katikati ya homilia, na mwishowe zitaungua. Parokia moja tunayoifahamu ilinunua amplifaya ya tatu kabla mtu hajauliza ni spika ngapi zilizoning'inizwa kwenye waya ule. Kila mara lawama ilikuwa imeangukia umeme wa mtaani.

Kwa kanisa lenye spika nyingi na umbali mrefu, njia iliyo bora ni ile ya volti 100. Amplifaya ya aina hii hutoa sauti kwa volti nyingi na mkondo mdogo, na kila spika huwa na transfoma yake ndogo inayochagua idadi ya wati, kwa mfano 5, 10 au 20. Kupeleka wati 100 kwenye spika ya omu 8 huhitaji mkondo wa ampea 3.5 hivi, kwa volti 100 huhitaji ampea 1 tu. Kwa kuwa hasara katika waya hukua kwa mraba wa mkondo, hupungua zaidi ya mara 12. Waya wa milimita 1.5 za mraba huwa umetosha kwa makanisa yetu mengi. Hesabu yake nayo ni nyepesi: jumlisha wati zilizochaguliwa kwenye spika zote, na jumla hiyo isizidi asilimia 80 ya uwezo wa amplifaya. Spika 8 za wati 20 ni wati 160, nazo zinahitaji amplifaya ya wati 200 au zaidi. Ni lazima tuongeze onyo: volti 100 zinaweza kumpiga mtu na kumwangusha kutoka kwenye ngazi. Amplifaya izimwe na kuchomolewa kabla ya mtu yeyote kugusa waya.

Katika maduka kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, unaouzwa kama shaba halisi. Ukinzani wake ni mkubwa kwa zaidi ya nusu, nao hukatika kwa urahisi kwenye skrubu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, urudishe. Nunueni kebo yenye alama ya ubora ya TBS, kutoka kwa muuzaji anayetoa risiti.

Jambo la mwisho la fungu hili ni upande wa chanya na wa hasi. Spika zote zifungwe kwa mpangilio mmoja, rangi moja ya waya kwenye chanya kuanzia sakristia hadi mwisho wa kanisa. Spika moja ikigeuzwa, yenyewe husukuma hewa wakati jirani yake inaivuta, na katikati yao sauti hudhoofika na kukosa uzito. Waamini husema tu kwamba "pale hapasikiki", na hakuna anayejua kwa nini.

Nyaya zisizopaswa kukaa pamoja

Waya wa spika usiingie katika bomba moja na umeme wa taa na soketi. Zikienda sambamba, ziachane kwa sentimita 30 au zaidi. Zikilazimika kukutana, zivukane kama mikono ya msalaba. Sababu ya kwanza ni mvumo unaosikika kwenye spika. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Ganda likitafunwa na panya au kuchunwa na ncha ya bomba, volti 230 zinaweza kuingia kwenye nyaya za sauti na kufika hadi chuma cha maikrofoni pale mimbarini, anaposhika msomaji au mtoto wa Altare. Kwa sababu hiyo hiyo soketi ya amplifaya ni lazima iwe na waya wa ardhini unaofanya kazi kweli, uliopimwa kwa kifaa.

Kebo za maikrofoni nazo zipate bomba lao la tatu. Ishara inayopita humo ni dhaifu mno, na ikikaa ubavuni mwa waya wa spika unaobeba nguvu, mfumo mzima huweza kupiga mluzi hata pasipo mtu kusema. Kebo hizo ziwe za aina yenye nyuzi mbili ndani na wavu wa kinga kuzizunguka.

Juu ya dari

Dari ni mahali pa joto, vumbi, popo na panya. Chini ya bati lililopigwa na jua la saa sita, joto hupanda sana, na ganda la plastiki la bei rahisi hukakamaa na kupasuka. Waya usilazwe juu ya siling bodi wala jipsamu; ufungwe kwenye mbao za kenchi, ndani ya bomba, mbali na taa zinazotoa joto. Maungio yote yawe ndani ya boksi lenye mfuniko na skrubu. Kusokota nyaya na kuzizungushia utepe mweusi ni mazoea ya mafundi wengi, nasi tunayakataa kabisa darini, ambapo mbao zimekauka na hakuna anayepanda kukagua. Tundu linalopitisha waya kutoka sakristia kwenda darini lizibwe kwa saruji kuzunguka bomba, kusudi moto ukianzia kwenye kabati la mashine usipate njia ya kupanda.

Spika ya darini isiachwe ibebwe na jipsamu peke yake. Iwekewe ubao unaovuka kati ya kenchi mbili na mnyororo mwembamba wa usalama, kwa maana chini yake wameketi watu. Waya unaotoka nje kwenda spika ya mnara wa kengele ni mlango wa radi. Usiunganishwe kwenye amplifaya moja na zile za ndani, na uchomolewe mara mawingu ya masika yanapojikusanya.

Kanisa lililokwisha kutabarukiwa

Ukuta wa kanisa lililotabarukiwa si ukuta wa ukumbi. Askofu ameupaka Krisma Takatifu mahali 12 au 4, na mahali hapo mara nyingi huwekwa misalaba na mishumaa. Mfereji wa bomba usipite hapo. Altare isitobolewe kwa ajili ya kebo ya maikrofoni. Kebo ipite sakafuni na kuibukia pembeni, au itumike maikrofoni isiyo na waya. Kazi ya vumbi inapoanza, Ekaristi Takatifu ihamishiwe mahali panapostahili, vitambaa na vyombo vitakatifu viondolewe, na picha zifunikwe. Paroko awaeleze mafundi, ambao huenda si Wakatoliki, kwamba ngazi haiegemezwi kwenye Altare na kwamba tabernakulo si meza ya bisibisi. Tumeona kwamba wakielezwa kwa heshima, hutii kwa heshima.

Katika makanisa ya zamani ya pwani, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, tunashauri ukuta usichongwe hata kidogo. Chokaa ya zamani humong'onyoka kandokando ya mfereji, na saruji mpya haishikamani nayo vizuri. Waya upitishwe juu ya ukingo wa ukuta au nyuma ya mbao za paa, ndani ya kifuniko chembamba chenye rangi ya ukuta. Kanuni ya 1216 ya Sheria za Kanisa inadai ushauri wa wataalamu katika ujenzi na ukarabati wa makanisa, pamoja na kuzingatia misingi ya Liturujia na ya sanaa takatifu. Basi kamati isianze kazi kabla ya kuwasilisha mchoro kwa Jimbo.

Fundi, majaribio na kumbukumbu

Kijana wa kwaya anayejua kuunganisha kinanda ni zawadi kwa parokia, lakini kazi inayogusa umeme wa jengo ifanywe na fundi mwenye leseni, ambayo kwa Tanzania Bara hutolewa na EWURA. Kijana huyo na awe msaidizi wake, ajifunze. Kabla ya lipu, kila waya upimwe kuona kama umekatika au umegusana, na ncha zake zote mbili ziandikwe namba. Baada ya lipu upimwe tena, kwa sababu msumari mmoja wa mpiga lipu hutosha. Kabla ya kufunika, kila ukuta upigwe picha ukiwa na futi ya kupimia imeegemezwa, ili umbali wa bomba kutoka kona na kutoka sakafu usomeke.

Usikivu usipimwe katika kanisa tupu, kwani miili na mavazi ya watu hunyonya sauti na kuubadilisha mwangwi. Upimwe Dominika, wakati wa Misa yenye watu wengi, na watu watatu au wanne waliotumwa kuketi pembeni, nyuma na kibarazani, wakiandika maneno ya somo yaliyowapotea. Sauti ikiwa kubwa na maneno bado yanapotea, msiongeze sauti. Geuzeni spika zielekee watu badala ya ukuta, na zile za pande zipunguzwe. Mchoro wa njia za nyaya, pamoja na picha, uwekwe nakala moja katika kabati la amplifaya na nyingine katika kumbukumbu za parokia, pale panapotunzwa vitabu vya Ubatizo na Ndoa.